Breki zina upepo, lakini hakuna aliyeumia: je, ni dhambi?



Swali la safari hii limetoka gereji, si sakristia. Kijana mmoja wa huku Mbuji aliniambia hivi: "Frateri, nimetoa upepo kwenye breki za gari la mjomba. Magurudumu matatu yamekubali, la nne nati imegoma kabisa. Nikaacha. Gari linatembea tangu Jumatatu na breki zinashika. Sasa hapo nina dhambi gani? Si hakuna aliyeumia?"

Nimelipenda hilo "si hakuna aliyeumia". Kwenye falsafa watu wameandika kurasa nyingi juu ya maneno hayo matatu. Ila kabla ya wanafalsafa tuanze na nati yenyewe, maana ukihukumu kitu usichokijua utahukumu vibaya.

Breki za gari zinafanya kazi kwa mafuta. Ukikanyaga pedeli, mafuta yanasukumwa kwenye vipaipu mpaka kwenye gurudumu, yanasukuma pistoni, pedi zinabana diski, gari linasimama. Yote hayo yanawezekana kwa sababu mafuta hayakubali kubanwa yakapungua. Upepo unakubali. Kipovu kikiingia kwenye paipu, nguvu ya mguu wako inaishia kukibana kile kipovu badala ya kubana diski, na pedeli inazama kama umekanyaga godoro. Ndiyo maana kila gurudumu lina kinati kidogo chenye tundu katikati, cha kutolea upepo. Kazi hiyo kwa kawaida ni ya watu wawili. Mmoja anakaa ndani, anapampu pedeli kisha anashikilia. Mwingine yuko chini, analegeza kinati, mafuta yanaruka na mapovu yake, halafu anafunga kabla mwenzake hajainua mguu. Akichelewa kufunga, upepo unarudi ndani na mnaanza upya.

Sasa kinati kile, kwa kuwa kina tundu ndani, ni dhaifu. Kofia yake ya mpira ikidondoka (na kwenye magari yetu mengi ilishadondoka zamani), maji na tope vinaingia, kutu inakishika. Ukikilazimisha kwa spana iliyolegea, pembe zinalika, au kinakatikia ndani na hapo umejiongezea kazi. Anayejua anasugua kwanza kwa brashi ya waya, anapulizia mafuta ya kulegeza kutu bila kugusisha pedi wala diski, anaacha hata usiku kucha, anagongagonga kwa nyundo taratibu, kisha anatumia soketi ya pembe sita inayokaa sawasawa. Tena anajaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza, ili kutu ivunjike. Moto usijaribu nyumbani: mafuta ya breki yanawaka, na mipira ya ndani inaharibika. Yote yakishindikana, kalipa inabadilishwa.

Kazi hii inataka subira kuliko misuli, na sehemu kubwa ya subira yenyewe ni kulala na kurudi kesho. Kijana wetu alikuwa na spana moja na jioni moja. Simlaumu kwa kutokuwa na soketi.

Lakini tuiangalie ile "breki zinashika". Magari mengi ya sasa yana njia mbili za mafuta ya breki, ili moja ikileta shida nyingine ibaki. Kwa hiyo gari lenye kipovu kwenye gurudumu moja linaweza kusimama vizuri tu kwenye tambarare ya kanisani, likiwa tupu, kwa mwendo wa kilomita 20. Huo sio mtihani. Mtihani ni kuteremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay ukiwa na mzigo. Unatoka kwenye milima ya Wamatengo mpaka ziwani, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na mguu uko kwenye pedeli muda mrefu. Na pale ambapo hukuweza kufungua nati, hukuweza pia kutoa mafuta ya zamani. Mafuta ya breki yananyonya unyevu. Kwa yale ya DOT 4, kiwango cha chini cha kuchemka yakiwa mapya ni nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho ni nyuzi 155. Breki zikipata moto mteremkoni mafuta yanaweza kuchemka, na mvuke nao ni kama upepo, unabanika. Yaani gari lililoshika breki siku sita linaweza kukataa siku ya saba, bila wewe kugusa kitu.

Haya, sasa tuje kwa wanafalsafa.

Mwaka 1976 Waingereza walichapisha mjadala wa Bernard Williams na Thomas Nagel kuhusu bahati katika maadili. Mmoja wa mifano ya Nagel ungeweza kuandikwa huku kwetu: dereva wa lori ambaye hakukagua breki zake, na mtoto akakatiza barabara. Sasa mweke dereva wa pili pembeni yake. Naye hakukagua, alipita barabara ileile, ila mtoto hakutokea. Wamefanya kosa moja. Wa kwanza anakwenda mahakamani, na kijiji hakitamsahau. Wa pili anafika nyumbani, anakula ugali, analala. Je, wa kwanza ni mwovu kuliko wa pili? Ukisema ndiyo, umekubali kwamba ubaya wa moyo wake uliamuliwa na hatua za mtoto asiyemjua. Ukisema hapana, mbona sote tunawatazama tofauti?

Kijana wetu ni dereva wa pili. "Si hakuna aliyeumia" maana yake ni: nihukumu kwa kilichotokea. Ni njia ya kujihesabia inayovutia sana, kwa sababu siku nyingi hakuna kinachotokea.

Maandiko hayahesabu hivyo. Soma Kumbukumbu la Torati 22:8, mstari ambao sijawahi kusikia mtu akiuchagua kwa tafakari ya VIWAWA. Anayejenga nyumba anaagizwa aweke ukingo juu ya dari, asije akajiletea hatia ya damu mtu akianguka. Agizo linakuja siku ya kujenga, kabla hajaanguka mtu yeyote. Kisha nenda Kutoka 21, kwa ng'ombe mwenye tabia ya kupiga pembe. Akiua kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alishazoea, mwenyewe alishaonywa na hakumfungia, hukumu inabadilika kabisa. Ng'ombe ni yuleyule na pembe ni zilezile, kilichoongezeka ni kwamba mwenyewe anajua.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafuata njia hiyo katika Summa anapouliza kama aliyeua bila kukusudia ana hatia. Jibu lake haliishii kwenye "sikukusudia". Kama mtu hakuchukua tahadhari iliyompasa, kutokukusudia hakumwondolei hatia. Kwa hiyo hata Thomas angemuuliza kijana wetu juu ya Jumatatu, sio juu ya ajali.

Nikimpima kwa vipimo hivyo, naona hivi. Nati kugoma sio dhambi. Kushindwa kuifungua sio dhambi pia. Angekuwa hajui kabisa kuwa upepo umebaki, ningemwambia aende kwa amani na ajifunze ufundi. Tatizo linaanza pale alipofuta mikono, akamrudishia mjomba ufunguo, akasema "tayari". Nilipomuuliza kama mjomba anajua, alicheka kidogo. Mjomba hajui. Kwangu mimi hapo ndipo kwenye uzito, kuliko hata kwenye upepo wenyewe. Thomas huyohuyo, akiandika juu ya kuuza vitu vyenye kasoro, anasema kasoro iliyofichika na yenye hatari lazima itajwe, na anatoa mfano wa nyumba inayotaka kuanguka ikiuzwa kama nyumba salama. Kijana hakuuza gari, lakini alikabidhi kazi, na neno "tayari" lilikuwa uongo ambao mjomba ataukanyaga kwa mguu wake mwenyewe.

Najua utaniambia: Frateri, wewe unakula seminari, hujui bei ya kalipa. Ni msimu wa kahawa, gari likisimama wiki moja kuna ada ya mtoto inasimama. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Hata Kanisa halisemi hatari yote ni dhambi. Katekisimu, namba 2269, inakataza kumweka mtu katika hatari ya kufa bila sababu kubwa, na hayo maneno "bila sababu kubwa" hayakuwekwa bure. Usiku mama ana uchungu wa kujifungua, hakuna gari lingine, inabidi afike hospitali ya Litembo: nenda, kwa gia ya chini, polepole, na wote waliomo waambiwe hali ya breki. Hiyo ni sababu kubwa. Magunia ya kahawa yanaweza kungoja soketi ya pembe sita, au yakapandishwa gari la jirani kwa kugawana faida. Na umaskini, hata ukiwa mkali vipi, haumzuii mtu kusema "mjomba, gurudumu la nyuma kushoto bado".

Huku mlimani tunalijua jambo hili bila Nagel. Wazee wetu Wamatengo walilima ngoro, vile vishimo vinavyokamata maji ya mvua kwenye mteremko. Ukizembea kuchimba ngoro zako, udongo unaosombwa hauishii shambani kwako. Unashukia shamba la chini, kwa mtu ambaye hakushirikishwa kwenye uamuzi wako. Barabara nayo ni mteremko wa namna hiyo. Abiria akiambiwa anaweza kukataa kupanda, ila mtoto anayetembea kando ya barabara hawezi.

Wengine sasa wataanza kuogopa kila mlio wa gari. Hapana. Gari kuukuu sio dhambi, na mwenye dhamiri ya wasiwasi anayerudi kukagua breki mara kumi anahitaji ushauri, sio mahubiri yangu. Ninaongelea kasoro unayoijua.

Kimebaki kipande kimoja ambacho Nagel hakukimaliza, na mimi sidhani kama kinamalizika vizuri. Wale madereva wawili wakienda kitubio, naamini wanaungama dhambi moja: nilijua, nikaacha. Padre anaweza kuwapa maneno yaleyale ya kuwaondolea. Lakini wakitoka nje ya kanisa hawadaiwi kitu kimoja. Wa pili anadaiwa kalipa na ukweli kwa mjomba, na jioni inaweza kuwa imekwisha. Wa kwanza kuna nyumba ambayo lazima aende, akae chini, anyamaze, asikilize mama wa mtoto anavyomwambia, na arudi tena mwezi ujao. Kijana aliniuliza ni haki gani hiyo, kosa moja na mizigo miwili. Nilimjibu kwamba bado yuko kwenye ule mzigo mdogo, na kwamba mjomba anasafiri Alhamisi.