Aliyejifungua Husimulia, Aliyekosa Hunyamaza

Tumchukue mwanamke mmoja wa Digodigo, tarafa ya Sale, wilaya ya Ngorongoro. Ni wa kutunga. Wa kweli wana majina yao na machungu yao, tuwaachie. Ameolewa mwaka wa sita sasa na hajashika mimba. Shambani hana shida. Zamu ya maji ya mfereji ikimfikia anamwagilia, mtama unakubali, viazi vitamu vinakubali. Neno liko nyumbani. Mama mkwe hamtukani, anauliza tu kila baada ya mavuno kama kuna habari. Mume haulizwi.

Mizizi amekwisha chemshiwa na kunywa. Kwenye simu amesikiliza matangazo ya dawa za kusafisha kizazi, ambazo kwa maneno ya wauzaji zinatibu kila kitu, kuanzia maumivu ya tumbo la hedhi hadi utasa. Hakununua. Kisha wifi yake akaja kutoka Arusha, mtoto mgongoni.

“Wifi, usikate tamaa,” akamwambia. “Mimi mara ya kwanza walinipandikiza, haikushika. Mara ya pili daktari akasema tuukwangue kwanza utando wa kizazi, uamke, upokee. Nikakwanguliwa. Si huyu hapa?”

“Inauma?”

“Inauma kidogo, wifi. Lakini si umemwona mtoto?”

Nani atabishana na mtoto?

Kilichofuata kinasimulika upesi. Mbuzi waliuzwa. Mama yule alipanda basi, akashuka Mto wa Mbu, akafika mjini. Hospitali kubwa walimwambia waanze na vipimo, na mume awepo. Mume alikuwa Digodigo na hakuwa na mpango wa kuja. Basi akaelekezwa kwa mtu mwingine, asiyeuliza mume wala vipimo, mwenye chumba nyuma ya duka la dawa. Kwa yule kukwangua ni kukwangua. Alitumia kijiko cha chuma, kile ambacho hospitalini hutumika kutoa mabaki baada ya mimba kuharibika. Mama yule alirudi nyumbani na homa. Homa ilipona; hedhi haikurudi.

Tumwache hapo kidogo, kwa sababu kosa lake halikuanzia kwenye chumba kile. Lilianzia kwenye sentensi ya wifi, na sentensi ile iliwahi kuwanasa watu waliosoma kuliko yeye.

Alichofanyiwa wifi kipo kweli. Kabla ya kupandikiza kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa maabara, mara nyingi katika mzunguko wa hedhi unaotangulia, daktari hupitisha mrija laini wa plastiki wenye unene wa milimita 3 hivi kwenye mlango wa kizazi. Huuzungusha na kuuvuta mara kadhaa ili auchubue utando wa ndani kwa makusudi. Hakuna nusu kaputi, na shughuli yote ni ya dakika chache. Hoja iliyo nyuma yake haikuwa ya kipuuzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtafiti Leo Loeb aliwakwaruza simbilisi ndani ya kizazi kwa wakati fulani wa mzunguko wao, akaona tishu ikiota kama ile inayoota mimba inapotunga. Wengine baadaye wakaeleza kwamba jeraha dogo huita chembe za kinga za mwili, na katika kupona, utando unakuwa tayari zaidi kupokea.

Mwaka 2003 timu ya Israel, yumo Nava Dekel wa Taasisi ya Weizmann, ilichapisha matokeo yaliyotikisa vyumba vya madaktari wa uzazi duniani. Walikuwa wakichukua vipande vya utando kwa ajili ya utafiti mwingine, wakashangaa kuona wengi wa wanawake wale, ambao upandikizaji uliwahi kuwashinda, wanashika mimba. Wakalifuatilia jambo lenyewe kwa wanawake 134. Kati ya 45 waliochubuliwa utando, 22 walijifungua, yaani karibu nusu. Kati ya 89 ambao hawakuchubuliwa, walijifungua 20, chini ya robo. Maradufu!

Fikiria wewe ni daktari, umeketi mbele ya mama aliyepandikizwa mara tatu akakosa mara tatu. Una mrija wa bei ndogo mezani na karatasi inayosema maradufu. Utamwambia asubiri? Wengi hawakusubiri. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwauliza madaktari wa uzazi wa Uingereza, Australia na New Zealand, na zaidi ya wanane kwa kila kumi waliojibu walisema huwapendekezea wagonjwa. Sitaki kuwabeza. Waliowafanyia walirudi na watoto, wakaleta picha, wakashukuru. Daktari naye ni binadamu, anakumbuka aliyeshukuru.

Kasoro ya ule utafiti wa kwanza mkulima wa Digodigo angeiona haraka kuliko msomi wa mjini. Batemi, wenyeji wa huko, wamelima kwa mifereji vizazi na vizazi, na maji yanagawiwa kwa zamu chini ya wazee wao, wenamiji. Akija mtu na mbolea mpya, akaimwaga kwenye shamba lililo karibu na chanzo cha mfereji, kisha akakuonyesha mtama wake na kuulinganisha na wa jirani aliye mkiani, utamuuliza swali moja tu: nani alichagua mashamba? Ili ujue kazi ya mbolea, lazima mashamba yapigiwe kura, mengine yapate na mengine yakose, maji yakiwa yaleyale. Wale wanawake 134 hawakupigiwa kura. Na walikuwa wachache, kiasi kwamba bahati peke yake ingeweza kuvuta hesabu upande mmoja.

Kura ilipigwa baadaye. Utafiti ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na watafiti Sarah Lensen na Cindy Farquhar, uliwaandikisha wanawake 1,364 katika nchi tano. Matokeo yalitoka Januari 2019. Waliochubuliwa walikuwa 690, wakajifungua 180. Wasiochubuliwa walikuwa 674, wakajifungua 176. Piga hesabu: asilimia 26.1 huku, asilimia 26.1 kule. Hata nukta haikutofautiana. Kilichoongezeka ni maumivu, ambayo kwa wastani waliochubuliwa waliyapa 3.5 kati ya 10.

Hapo ndipo sentensi ya wifi inapofumuka. Chukua wanawake 100 wanaopandikizwa, wachubue wote. Kwa kiwango kile, 26 watajifungua. Kila mmoja wa hao 26 ataapa, mbele ya Mungu na mama mkwe, kwamba ni ule mrija. Hawasemi uongo, maana walichubuliwa kweli na wakazaa kweli. Lakini hata wasingechubuliwa, bado 26 wangezaa. Wale 74 hawaji Digodigo na mgongo mtupu kutusimulia.

Nisiwe mwepesi wa kufunga jalada. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa 2021, kwa wanawake 933 waliokwisha kukosa mara moja, liliona asilimia 23.7 ya waliochubuliwa wakijifungua, dhidi ya 19.1 ya wasiochubuliwa, tofauti ambayo bahati bado ingeweza kuileta. La Uingereza, kwa wanawake 1,048 wanaopandikizwa mara ya kwanza, lilipata 38.6 dhidi ya 37.1. Mwaka 2023 uchambuzi uliounganisha kumbukumbu za wanawake zaidi ya 4,000 kutoka majaribio 13 uliona dalili ya faida ndogo. Hivyo pengine kuna kitu, kidogo, kwa baadhi. Lakini mwaka huohuo chama cha wataalamu wa uzazi wa Ulaya, ESHRE, kilisema kuchubua utando kusifanywe kama utaratibu wa kawaida. Kutoka maradufu hadi hapo ni mteremko mrefu, na umechukua miaka 20.

Msomaji wa Sale hahitaji New Zealand ili aelewe haya. Kijiji cha Samunge kiko hukohuko kwa Batemi. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana nchi nzima kama Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Foleni za magari zilikwenda kilomita nyingi. Vigogo walikunywa, maskini walikunywa, watu walivuka mipaka ya nchi kuja kunywa. Hoja iliyowaleta haikuwa takwimu. Ilikuwa “fulani alikunywa akapona”. Wapo waliotupa dawa zao za UKIMWI, za ARV, baada ya kikombe, na waliofia njiani hawakutoa ushuhuda. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021. Nadhani wengi wetu tulimaliza jambo lile kwa kucheka, kana kwamba lilikuwa la washamba, ilhali madaktari wenye shahada, kwenye kliniki zenye viyoyozi, walikuwa wakati huohuo wanauza mrija kwa hoja ileile.

Sasa turudi kwa mama yetu. Hedhi ilipokosekana miezi minne, alikwenda tena hospitali kubwa, safari hii na mume, kwa sababu mjomba aliingilia kati. Mume alipimwa mbegu kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Zilikuwa chache sana. Mama akapigwa picha ya mirija, mmoja ukaonekana umeziba, pengine kwa maambukizi ya zamani ambayo hakuyajua. Na kizazi, ambacho hakikuwa na tatizo, sasa kuta zake zilikuwa zimeshikana kwa makovu. Hali hiyo ilielezwa kwa kina na daktari Joseph Asherman mwaka 1948, na hutokea hasa pale kizazi kinapokwanguliwa kwa nguvu. Mrija laini wa plastiki na kijiko cha chuma si kitu kimoja, na madhara yake hayalingani. Makovu hayo huweza kukatwa kwa kamera inayoingizwa kizazini, lakini hiyo ni safari nyingine na mbuzi wengine.

Angalia mpangilio wa mambo. Dunia nzima, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya 2023, mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba wakati fulani maishani. Barani kwetu, tafiti za shirika hilo tangu miaka ya 1980 zilionyesha kwamba mirija iliyoziba kwa maambukizi, yakiwemo kisonono, klamidia na yale yanayofuata uzazi au mimba kuharibika katika mazingira mabaya, ndiyo mzigo mkubwa kwa wanawake. Na mwanamume ana mchango katika takribani nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto. Mirija ikiziba au mbegu zikiwa haba, hata utando ungepakwa asali, hakuna kinachofika kuupokea. Ule mrija wa wifi, hata ungekuwa unafanya kazi maradufu kama ilivyodaiwa 2003, ulikuwa ni wa mtu anayekwenda kupandikizwa. Mama yetu hakuwa anapandikizwa. Alichukua nyongeza ya tiba akaiacha tiba yenyewe, kwa sababu nyongeza ndiyo iliyosimuliwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama ndoa yenu imetimiza miezi 12 mkikutana bila kinga na mimba haijaja, nendeni wawili, siku moja. Kipimo cha mbegu kitangulie, kwa kuwa hakimchubui mtu wala hakimwachi na kovu. Dalili za hedhi kupotea ghafla, homa baada ya kusafishwa, au uchafu wenye harufu, ziwahishwe hospitali bila kusubiri ushauri wa nyumbani. Na mkifika kwenye upandikizaji, na kwenye karatasi ya bei mkakuta mstari wa kuchubua utando au nyongeza nyingine yoyote, msimuulize daktari ni wangapi walizaa baada ya kufanyiwa. Muulizeni wangapi walizaa bila kufanyiwa, katika kundi lililopigiwa kura. Akikosa namba ya pili, ufuteni mstari huo na pesa yake ibaki kwa ajili ya mzunguko unaofuata.