Je, Jina Lililoibiwa Hurudishwaje?

Mtu akiiba mbuzi wa jirani yake, wazee wanajua la kumwambia: arudishe mbuzi. Lakini akiiba jina jema la mwenziwe, arudishe nini, na kwa njia gani? Huko Uingereza swali hili liliulizwa kwa miaka mingi juu ya gazeti moja.

Katika nchi ile yapo magazeti ya kurasa ndogo na bei nafuu, yenye picha nyingi na vichwa vya herufi kubwa. Habari za mpira wa miguu ni chakula chao cha kila siku, nayo hushindana kupata wanunuzi. Mojawapo ni The Sun, ambalo mwishoni mwa miaka ya 1980 liliuza nakala karibu milioni 4 kila siku.

Tarehe 15 Aprili 1989, timu ya Liverpool ilicheza na Nottingham Forest katika kiwanja cha Hillsborough, mjini Sheffield. Watu walisongamana nje. Mkubwa wa polisi akaamuru lango lifunguliwe, wala hakuna aliyewazuia kuingia mahali palipokwisha kujaa. Wakabanwa penye vyuma, wakakosa pumzi. Waliokufa kwa ajili ya msiba huo ni 97. Wa mwisho alifariki mwaka 2021.

Siku nne baada ya msiba, The Sun lilichapa kichwa kikubwa: "Ukweli". Chini yake liliandika kwamba wapenzi wa Liverpool waliwaibia waliokuwa wakifa, na kumpiga polisi aliyekuwa akiokoa mtu. Ulikuwa uongo. Wengi wa hao walioshutumiwa ndio waliowabeba majeruhi juu ya mbao za matangazo.

Je, mwenye gazeti ajitetee kwa kusema, "Tuliambiwa na polisi"? La. Anayetangaza neno bila kulipima amelifanya kuwa lake. Tena polisi wenyewe walikuwa wakilaumiwa. Anayelaumiwa hawezi kuwa shahidi pekee.

Mwezi wa Agosti 1989, jaji aliyechunguza alieleza kwamba kosa kubwa lilikuwa la polisi. Hata hivyo gazeti lilikawia. Mwaka 2004 liliomba radhi, lakini wengi hawakuridhika. Mwaka 2012, baada ya uchunguzi mpya, likakiri kosa katika ukurasa wa kwanza. Miaka 23 ilikuwa imepita, na wazazi wengine walikwisha kufa wakiwa wamebeba aibu isiyo yao. Mwaka 2016 mahakama iliamua kwamba wapenzi wa mpira hawakuwa na kosa.

Basi, jina hurudishwaje? Kwanza, mahali palepale uongo uliposemwa, na kwa sauti ileile. Pili, upesi, kwa maana kukawia ni kuiba mara ya pili. Tatu, pasipo udhuru. Hata hivyo mbuzi aweza kurudi mzima, lakini jina hurudi na kovu.

Watu wengi wa Liverpool waliacha kulinunua gazeti lile, na hata leo maduka mengi ya huko hayaliuzi. Walifahamu kwamba uongo hauishi pasipo mnunuzi. Naye anayeletewa habari mbaya ya jirani, hata bila gazeti, ni mnunuzi vilevile. Aulize kwanza: "Nani aliyeona?" Asipopata jibu, neno hilo na life masikioni mwake.