Utang'oa Mchicha Mpaka Lini?

Wewe unayesema huna shamba, inuka.

Una gunia tupu nyuma ya nyumba? Una ndoo iliyopasuka? Una kipembe cha uwanja ambacho kuku wanakichakura bure? Basi unalo shamba. Mchicha hauulizi hati ya kiwanja.

Gramu moja tu ina mbegu zaidi ya 1,000. Ukipiga chafya umepoteza tuta zima! Ndiyo maana wanaojua huzichanganya na mchanga mkavu, wakazimwaga mstarini na kuzifunika kwa udongo usiozidi sentimita moja. Ukizifukia kama mahindi, umezizika. Maji nyunyiza, usimwage. Baada ya siku chache tuta linapiga kijani. Wiki nne hivi, unachuma.

Wiki nne!

Umeshasema "mwezi ujao nitaanza" mara ngapi?

Huna maji? Yale uliyooshea mchele asubuhi umeyamwaga wapi? Unangoja masika? Mchicha hujitengenezea chakula kwa njia ile ile ya mahindi na miwa, kwa hiyo joto linalokunyong'onyeza wewe, wenyewe unalipenda. Jua unalolilaani ndilo mtaji wako.

Tena sitaki ulime mchicha wa fungu tu.

Tumezoea kuung'oa ungali mchanga, tukautia nazi au karanga, basi. Mtamu, sibishi. Lakini umewahi kuuacha ukue mpaka mwisho wake? Bakiza miche michache, ipe samadi na nafasi ya sentimita 30 kati ya mmoja na mwingine, uone itakavyokupita kimo. Zipo aina zinazotoa masuke mekundu, ya zambarau, ya dhahabu. Ipo moja ambayo masuke yake hushuka kama kamba za mahameli, na wafungaji mashada wa nchi nyingi huyatumia. Kata asubuhi, ondoa majani, tia shina majini. Au lining'inize suke kichwa chini, kivulini, likauke, litakaa miezi.

Kumbi za harusi mtaani kwako zimejaa maua ya plastiki. Umewahi kumpelekea mpambaji suke moja alione?

Hujawahi. Kwa nini?

Ukitaka nafaka, tafuta mchicha nafaka, ule wa mbegu nyeupe. Yaache masuke yakomae, yapukuchue, pepeta kwa ungo. Mche mmoja mzuri huzaa makumi ya maelfu ya mbegu. Saga upate unga wa uji, au zirushe kwenye sufuria kavu yenye moto zipasuke ziwe bisi ndogo ndogo. Protini yake ni kama asilimia 14, tena ina laisini kwa wingi, kitu ambacho mahindi yamepungukiwa. Ugali wako ulikuwa unangoja mwenzake huyu!

Waazteki wa Mexico walitoza kodi kwa nafaka hii. Mji wao mkuu, Tenochtitlan, ulipoangushwa na Wahispania mwaka 1521, zao likasukumwa pembeni. Wakulima wa vijijini hawakukubali. Wakapanda, wakatunza mbegu, wakawarithisha watoto wao, karne baada ya karne, chini ya wageni waliowatawala.

Wewe umezuiwa na nani?

Na masuke mawili ya mwisho usiyaguse. Hayo ni ya ndege. Shomoro na chiriku watayagundua bila kualikwa, na mbegu watakazodondosha zitaota zenyewe mvua ikirudi. Jirani atasema unafuga wezi. Mwache aseme! Yeye amepanda nini?

Duka la pembejeo linafungwa jioni. Saa ngapi sasa?

Vaa viatu.