Ardhi, Ulimi na Haki ya Fakiri

Liko suali moja ambalo wanavyuoni wa dini na wanafalsafa wameligusa mara nyingi kwa mbali, na ambalo katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, limekuwa suali la kila siku: mtu mwenye elimu ya sheria anapomshika mkono fakiri asiyejua njia ya baraza wala maneno ya mahakama, akamsaidia mpaka akairudia ardhi yake, je, ametoa sadaka, au amelipa deni? Tofauti ya mambo haya mawili si ndogo. Sadaka hutoka katika hiari ya mtoaji, naye hushukuriwa kwa kuitoa wala halaumiwi sana kwa kuizuia. Deni lina mwenyewe, na anayelizuia ni dhalimu hata kama hana chuki na mtu. Jamii inayoufanya msaada wa kisheria kuwa hisani itautoa fedha za wafadhili zinapopatikana na kuusimamisha zinapokoma, wala hapana atakayeona kwamba limetendeka kosa. Mimi nasadiki kwamba ni deni, na sababu zangu nitazieleza.

Ufukara wa nchi hizi mbili si ufukara wa ardhi mbovu. Milima ya Tarime ina udongo mwema uoteshao kahawa, ndizi na mahindi, na Serengeti, kutoka Mugumu kwenda pande za Nata na Ikoma, ni nchi ya mifugo, mtama na pamba. Lakini milimani watu ni wengi na mashamba yamegawanywa baina ya warithi mpaka yamekuwa vipande vyembamba; koo za Wakurya, kama Wanchari, Warenchoka, Wanyabasi na Wairege, zimepigania mipaka yao mara kadhaa kwa mishale na mapanga, hata serikali ikalazimika kuunda Kanda Maalumu ya Polisi ya Tarime na Rorya; huko Nyamongo dhahabu imechimbwa kwa mitambo mikubwa tangu 2002; na kusini, Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoundwa 1951, pamoja na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa 1994, yamekutana na mashamba ya watu ukingo kwa ukingo. Basi mtu wa huko aweza kuwa na ardhi na akawa fukara, kwa kuwa hana nguvu ya kuilinda. Na asiye na yakini kwamba mwakani atakuwa juu ya shamba lake hapandi mti, hakingi maji ya mlimani kwa matuta, wala hailazi ardhi ipumzike, bali huikamua kama apitaye njia. Kwa hivyo kuchakaa kwa udongo na kupotea kwa haki ni jambo moja lenye nyuso mbili, na atakaye kulitengeneza moja huku ameliacha la pili atafanya kazi bure.

Imepokewa kwa Ummu Salama, radhi za Mungu ziwe juu yake, katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwatahadharisha wagombanao mbele yake: yeye ni mwanadamu, naye huhukumu kwa ayasikiayo, na huenda mmoja wao akawa fasaha wa hoja kuliko mwenziwe, basi yeyote atakayekatiwa kwa hukumu hiyo kitu cha haki ya ndugu yake asikichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Waislamu wengi huisoma hadithi hii kuwa onyo kwa mdanganyifu, na ndivyo ilivyo. Lakini ndani yake mna fundisho la pili ambalo nadhani hatujalizingatia vya kutosha. Ikiwa hakimu ambaye haki yake haina shaka alikiri kwamba ulimi waweza kuipinda hukumu, itakuwaje katika baraza ambalo upande mmoja umekuja na wakili kutoka Mwanza, na upande wa pili umekuja na sugu za jembe tu? Hakimu aliyesikia upande mmoja kwa ufasaha na wa pili kwa kigugumizi hajaupata ukweli wote, hata akiwa na moyo safi. Kwa hivyo kumpa mnyonge ulimi si tunu inayoongezwa baada ya haki kwisha kutendeka. Ni sehemu ya vile vitu ambavyo kwavyo haki hujulikana, mfano wa shahidi na kipimo cha mpaka. Na kisichowezekana haki kujulikana bila yake hakiwi hiari. Anayedaiwa kwanza ni dola, ambayo kwa jina lake hukumu hutolewa.

Tutazame sasa njia anayopita mjane wa kijiji cha Tarime ambaye shemeji zake wamelitwaa shamba la marehemu mumewe. Akienda moja kwa moja kulidai, daawa yake yaweza kutupwa kabla ya kusikilizwa, kwa sababu shamba lilikuwa la marehemu na yeye hajateuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Na ili ateuliwe yampasa kwenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, yaani kikao cha watu wale wale waliomdhulumu. Akiisha kuteuliwa, hana budi kwanza kufika mbele ya Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 halihukumu tena bali hupatanisha, nalo lina siku 30. Upatanishi ukishindikana ndipo afunguliwe mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akishindwa huko anazo siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu Musoma. Na juu ya hayo yote iko sheria ya ukomo, ambayo humwambia aliyenyamaza miaka 12 kwamba dai lake la ardhi limekufa. Kila hatua katika hizi ina maana yake, na mwanasheria aweza kuitetea kwa hoja nzuri. Lakini zikikusanyika pamoja mbele ya mtu ambaye hakuna aliyemweleza, huwa ni kufuli juu ya mali ambayo ni yake tayari. Mjane huyu haombi kupewa kitu cha mtu. Anayemwonyesha ufunguo hamkirimu.

Palikuwa na kizuizi kingine, cha lugha, na katika jambo hili mkoa wa Mara una heshima yake. Kwa miaka mingi, katika mahakama zilizo juu ya Mahakama ya Mwanzo, shahidi alitoa ushahidi kwa Kiswahili, na hukumu ikaandikwa kwa Kiingereza, hata aliyeshinda na aliyeshindwa wakatoka pamoja wakiuliza nini kimeamuliwa. Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu Musoma, aliandika hukumu kwa Kiswahili katika shauri lililouhusu mgodi wa North Mara, na tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria, Rais Magufuli alimsifu kwa kazi hiyo akamteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Nalihesabu tendo la jaji huyo kuwa msaada wa kisheria mkubwa kuliko mingi iliyogharimu mamilioni.

Wazee watasema kwamba Wakurya walikuwa na mabaraza yao kabla ya mahakama hizi, na kwamba haki ilitolewa katika iritongo, mkutano wa watu wote, na katika inchama, baraza la siri la wazee. Wanasema kweli, wala si adabu kuzungumza juu ya mila kama kwamba ni giza tupu. Hata ile ndoa ya nyumba ntobhu, ambayo kwayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na kumwoa mwanamke mwingine ili watoto watakaozaliwa waushike mji wake, yatuonyesha kwamba mila yenyewe ilihisi kuwa mwanamke aliyelima maisha yake yote hastahili kufa bila mrithi wa jasho lake. Ilitafuta mlango, ijapokuwa ilimpitisha mle binti wa maskini ambaye hakuna aliyemuuliza. Tatizo ni kwamba mila ilipoandikwa, kwa tangazo la serikali la 1963, iliandikwa upande wake mgumu: mjane hakuwekewa fungu katika mali ya mume, na binti akawekwa daraja ya mwisho ya warithi. Kilichokuwa kikijadiliwa na wazee kwa kutazama hali ya kila mtu kikageuka kanuni isiyosikia.

Nani anasema kwamba dini iko upande wa kanuni hiyo? Qur'ani katika Sura ya Wanawake imewawekea wanawake fungu katika walichokiacha wazazi na jamaa, kiwe kichache au kingi. Na Wakristo wa Mara, ambao ni wengi, wanalo katika kitabu cha Hesabu shauri la binti watano wa Selofehadi, ambaye alikufa jangwani bila mtoto wa kiume: walisimama mlangoni pa hema mbele ya Musa na kuhani na mkutano wote, wakadai milki ya baba yao, na Musa hakuwafukuza wala hakuhukumu kwa mazoea, bali alilipeleka shauri lao kwa Mungu, likarudi na jawabu kwamba wamenena haki. Ajabu ni kwamba kisa hiki sijakisikia kikihubiriwa mara nyingi. Tanzania nayo ina kisa chake: mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, alikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo hali mwanamume aruhusiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, katika kifungu cha 20, ikabatilisha kila desturi imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi. Hata hivyo tangazo la 1963 halikufutwa, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayohusika na ubaguzi dhidi ya wanawake, kwa madai ya wajane wawili wa Kitanzania, iliamua kwamba nchi yetu ilikuwa imekiuka ahadi zake. Nchi yenye sheria mbili zinazopingana juu ya shamba moja humpa mwenye nguvu nafasi ya kuchagua imfaayo.

Hapa laingia suali la pili, gumu zaidi: ardhi ni amana au ni milki? Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu, aliandika mwaka 1958 makala aliyoiita *Mali ya Taifa*, akapinga ardhi kufanywa bidhaa ya mtu binafsi, kwa kuwa hakuna mwanadamu aliyeiumba. Mtu ana haki katika kazi aliyoifanya juu yake. Sheria zetu za 1999 zimeufuata mkondo huo, zikasema ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, ingawa Tume iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyofanya kazi 1991 na 1992, ilikuwa imependekeza kwamba ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano wa kijiji wenyewe. Nakubaliana na Tume. Lakini tangu 2004, kwa mpango wa kurasimisha mali za wanyonge uitwao MKURABITA, imepata nguvu fikra ya kwamba umaskini utapungua mtu akipewa hati aipeleke benki apate mkopo. Siikatai hati; Hatimiliki ya Kimila ina hadhi sawa na hati yoyote nyingine kwa mujibu wa sheria, na ni ngao. Ninachokihofia ni hati kabla ya insafu. Shamba ambalo wake watatu hulilima, kila mmoja na sehemu yake ijulikanayo na majirani, likiandikwa kwa jina la mume peke yake, sehemu hizo tatu zimefutwa kwa kalamu mchana kweupe, na anayetaka kuliuza huona kwamba hana haja tena ya kuwauliza wanaolilima. Kwa hivyo kupima ardhi bila msaada wa kisheria ni hatari kuliko kutopima.

Kinachotangulia basi ni mpango wa matumizi bora ya ardhi, uliofanywa katika mkutano mkuu wa kijiji kwa mchana na kwa sauti: malisho yako wapi, njia ya ng'ombe kwenda Mto Mara ni ipi, chemchemi hailimwi mpaka umbali gani, mpaka wa ukoo huu na ule unapita kwenye jiwe lipi. Baraza la Ardhi la Kijiji kisheria lina watu saba na watatu wao ni wanawake. Hao watatu wakijua wajibu wao, mpaka hukaa.

Pasipokuwa na hayo, hila hushika nafasi ya haki. Nyamongo wanaijua tegesha: mtu husikia kwamba eneo litatwaliwa, akapanda miche usiku na kujenga kibanda cha haraka ili mthamini amkute na maendelezo. Ni hadaa, wala siitetei. Lakini tujiulize ilizaliwa na nini. Sheria inaahidi fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Mtu asiyeamini kwamba ahadi hiyo yamhusu, wala hajui pa kuidai, hujitafutia fidia yake kwa njia anayoijua. Upande wa Serengeti, tembo wakiumaliza msimu wa mkulima kwa usiku mmoja, anachopewa kwa kanuni za serikali ni kifuta jasho, kinachohesabiwa kwa ekari na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Hiyo si fidia mbele ya sheria, ni pole. Hapo narudia suali langu la mwanzo kwa uchungu, kwa maana tembo analindwa kwa ajili ya taifa zima na dunia nzima, na gharama ya ulinzi huo analipishwa mtu wa kijiji cha Robanda au Park Nyigoti. Hasara aliyoibeba mmoja kwa faida ya wote ni deni la wote.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa kijiji wenyewe waliofunzwa, ambao huelimisha, huelekeza na kusaidia kuandika, bila malipo, wala hawaruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu. Wengi wao hujitolea, na nauli ya kwenda kata nyingine huitoa mfukoni. Kazi yao yafanana na yamini moja ya kale: Makureshi, kabla ya utume, waliwahi kukutana Makka katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an wakala yamini kumsimamia kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, baada ya mfanyabiashara wa Zabid kunyimwa thamani ya bidhaa zake na mkubwa wa mji; na Mtume, aliyehudhuria akiwa kijana, alisema baadaye kwamba angeitwa kwa yamini ile katika Uislamu angeitika. Hawakuuita mkutano ule sadaka.

Misikiti ya Tarime na makanisa ya Mugumu yana kamati zinazozika, zinazochanga sanda na jeneza, zinazokaa na wafiwa. Kamati hizo hizo, kabla wageni hawajatawanyika na mashahidi hawajarudi makwao, zingeweza kukaa na ukoo, kuuliza marehemu alilima wapi na mpaka wake ni upi, kuandika muhtasari mbele ya mjane na mabinti, na kumtafuta msaidizi wa kisheria wa kata awafikishe Mahakama ya Mwanzo mwezi huo huo.