Ungenunua Shamba Hilo?



Wapendwa vijana, nianze na swali. Mtu akikupigia simu leo akwambie, "Njoo nikuuzie shamba, ila kwa sasa limekaliwa na jeshi la adui," utatoa hela? Mimi nisingetoa. Ningejua ni tapeli tu.

Nabii Yeremia alitoa. Fungua sura ya 32 ya kitabu chake. Ni mwaka wa 10 wa utawala wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, na Yeremia mwenyewe yuko kifungoni katika ua wa walinzi kwa sababu ametangaza waziwazi kwamba mji utatekwa. Hapo ndipo ndugu yake Hanameli, mtoto wa ami yake, anakuja kumuuzia shamba lililoko Anathothi, kijijini kwao, kilomita chache tu kutoka mjini. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaweka mashahidi, kisha anamwagiza Baruku aitie hati hiyo katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Kisa? Mungu ameahidi kwamba siku moja watu watanunua tena nyumba na mashamba katika nchi ile.

Kinachonigusa zaidi ni kinachofuata. Akishakabidhi hati, Yeremia anasali, na sala yake imejaa mshangao. Ni kama anasema: Bwana, si unaona adui alivyofika ukutani? Na bado umeniambia ninunue shamba! Yaani alitii kwanza, ndipo akauliza. Na Mungu hakumfukuza kwa kuuliza.

Sasa niwaambie ya nyumbani kwetu. Mdogo wangu aliacha chuo cha ufundi, akaingia kwenye dawa za kulevya, akaondoka. Huu ni mwaka wa tatu. Mama anauza vitumbua, na kila Jumamosi anatia shilingi 2,000 kwenye kibubu. Ni ada ya mdogo wangu, siku akirudi chuo.

Likizo iliyopita nilimwambia, "Mama, hela hiyo si bora tununue bati? Jikoni panavuja." Nilijiona nina busara, mtu mwenye shahada ya falsafa. Mama akaendelea kukoroga uji wake wa vitumbua, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, kila wiki unanitumia meseji kwamba unamwombea mdogo wako. Sasa huwa unaomba nini?"

Nilinyamaza. Sikuwa na jibu, na mpaka leo swali hilo linanifuata kanisani.

Darasani tulisoma kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino kwamba Mungu anaweza yote yasiyojipinga yenyewe. Pembetatu yenye pembe nne si kitu kigumu kwa Mungu. Si kitu kabisa, ni maneno yanayogombana. Lakini watu waliohamishwa kurudi kwao, tasa kuzaa, kaburi kuwa tupu, hayo hayajipingi. Ni magumu kwetu. Mara nyingi tukisema "haiwezekani" tunamaanisha "mimi sioni njia". Mtihani huo niliufaulu vizuri tu. Ule wa jikoni kwa mama ndio nilioufeli.

Tuwe wakweli hapa, kwa sababu vijana wengi wameumizwa na mahubiri ya haraka haraka. Biblia haijaandika popote kwamba mdogo wangu atarudi Januari. Ahadi si kila tunachokitamani. Alichoahidi Mungu ni kwamba hamwachi kondoo aliyepotea, anamtafuta. Luka 15 ipo wazi. Hicho ndicho ninachokishika. Kibubu cha mama hakimlazimishi Mungu. Ni namna yake ya kuishi kana kwamba Mungu kweli yuko njiani anatafuta.

Na Yeremia je, alilima shamba lake? Hapana. Mji ulianguka kama alivyosema, halafu yeye akachukuliwa kwenda Misri bila kutaka, na Biblia haisemi kwamba alirudi. Ukiishia hapo utasema shekeli 17 zilipotea bure. Lakini mwaka 538 kabla ya Kristo, takriban miaka 50 baadaye, mfalme Koreshi wa Uajemi aliwaruhusu Wayahudi warudi. Ezra 2 ina orodha ndefu ya waliorudi, ile tunayoirukaga tukisoma Biblia. Usiiruke. Kwenye mstari wa 23 wametajwa watu wa Anathothi: 128. Kijiji kile kile!

Ndugu yangu, wiki hii usisubiri mpaka maswali yote yaishe. Chukua ahadi moja ya Mungu unayoiona ngumu, ufanye tendo moja dogo linaloendana nayo. Mpigie yule uliyekata tamaa naye. Rudi kwenye kitubio. Ukiwa na swali, muulize Mungu baadaye, kama Yeremia.

Mimi nimeanza. Juzi nilimtumia mama 2,000 kwenye simu, nikaandika: "Ya kibubu."

Tusali: Ee Bwana, tusaidie kulitii Neno lako hata tusipoona njia. Uwatafute waliopotea katika familia zetu, na utupe moyo wa kuwatunzia nafasi yao. Amina.

Naomba mniombee, na mumwombee mdogo wangu.

Frateri wenu