Jicho na Kitabu

Mtihani wa vitendo wa fizikia hudhaniwa kuwa ni mtihani wa mikono na akili. Ni kweli, lakini pia ni mtihani wa tabia, na sehemu hii ya tatu haina alama katika karatasi.

Mathalani, mwanafunzi wa kidato cha nne wa Misunkumilo, katika Manispaa ya Mpanda, anajiandaa kwa mtihani huo. Amening'iniza kipira cha chuma kwa uzi, akakibembeza, akahesabu mabembeo 20, akasoma saa. Amebadili urefu wa uzi, akarudia, akachora grafu. Mchapuko wa mvutano wa dunia umetoka 9.4, kitabu kinasema 9.8. Wenzake wanaijua dawa: kugeuza tarakimu za jedwali mpaka jibu likubali. Jambo hilo huliita kupika. Je, naye apike?

Upo utetezi usiofaa kudharauliwa. Mzazi ameuza mahindi au tumbaku ili mtoto asome, na alama moja yaweza kuwa mpaka baina ya kuendelea na kurudi nyumbani. Kwa nini mtoto aadhibiwe kwa ubovu wa saa? Hoja hii ina huruma, lakini inachanganya mambo mawili. Kosa ni kuona vibaya. Uongo ni kuandika kisichoonwa. Aliyekosea aweza kurudi akatafuta: pengine alihesabu bembeo moja zaidi, pengine alipima uzi mpaka kwenye fundo badala ya katikati ya kipira. Aliyepika amejifutia nyayo, hana pa kurudia.

Tena, kitabu nacho si shahidi wa kila mahali. Mvutano wa dunia hutofautiana: kwenye ncha za dunia ni kama 9.83, London ni 9.81, tarakimu ijazayo vitabu vingi. Mpanda, iliyo jirani na ikweta na juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,000, ni karibu 9.78. Basi apikaye Misunkumilo ili apate 9.81 ameiacha dunia iliyo chini ya miguu yake, akaazima ya wengine.

Kielelezo kipo nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alipokuwa akitengeneza aiskrimu aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipomwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenzake walimcheka. Osborne alishuku, lakini alijaribu. Na mwaka 1969 makala yao ilichapishwa. Hata leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo. Ubishi huo usingalikuwapo kama kijana yule angalisema aliona alichotazamiwa kuona.

Hapana budi mwanafunzi apime tena, na likibaki 9.4 aandike 9.4, na chini yake sababu anayoishuku. Wala wajibu si wake peke yake: mwalimu anayesema "jibu ni 9.8, tafuteni njia" amekwisha kuwasha jiko. Kesho kijana huyo atasoma kipimajoto cha mgonjwa au atapima saruji ya daraja. Hapo hapatakuwa na kitabu cha kutazamia, na watu watayategemea macho yake.