Mjumbe Hauawi, Lakini Jina Lake Je?



Sisi tuliozaliwa Nkombo tunaishi katikati ya maji. Kisiwa chetu kiko ndani ya Ziwa Kivu, Kongo iko ng'ambo, na watu wengi wana jamaa pande zote mbili. Kwa hiyo Oktoba 29, 2022, Kongo ilipoamua kumfukuza balozi wa Rwanda mjini Kinshasa, Vincent Karega, na kumpa saa 48 za kuondoka, kwetu habari hiyo haikuwa ya mbali. Kinshasa iliilaumu Kigali kuwa inawasaidia waasi wa M23, Kigali ikakanusha. Ugomvi ulikuwa wa dola mbili, lakini aliyefungasha mizigo alikuwa mtu mmoja.

Wazee husema mjumbe hauawi. Sheria yetu nayo ilishalisema hilo zamani. Wajumbe wawili wa Musaylima walipofika kwa Mtume (s.a.w.) na kukiri mbele yake kuwa wanamwamini mwongo yule, aliwaeleza kwamba lau si desturi kuwa wajumbe hawauawi, angeamuru wakatwe shingo. Wakarudi kwao salama. Kuna pia Abu Rafi, mjumbe wa Makuraishi, ambaye imani ilimwingia alipomwona Mtume na akataka kubaki Madina. Mtume alimwamuru arudi kwanza kwa waliomtuma, kisha akipenda aje tena, kwa kuwa yeye havunji ahadi wala hazuii wajumbe.

Kanuni hiyo inamlinda mjumbe na wale aliotumwa kwao. Swali linalonishughulisha ni jingine: nani atamlinda mjumbe na yule aliyemtuma?

Tuanze na Tanzania. Januari 1965 serikali iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, Robert Gordon wa Dar es Salaam na Frank Carlucci wa Zanzibar. Mazungumzo yao ya simu yalikuwa yamenaswa. Kwa maelezo ya Wamarekani, wawili hao walikuwa wakisema kwa mafumbo kuwa wanahitaji silaha nzito zaidi, wakimaanisha hoja za kuwashawishi wakubwa wao. Waliosikiliza wakaelewa bunduki. Marekani ikajibu kwa kumtaka mwanadiplomasia mmoja wa Tanzania aondoke, na Mwalimu Nyerere akamwita nyumbani balozi wake mjini Washington, Othman Shariff, Mzanzibari aliyekuwa waziri kabla ya kupelekwa huko.

Tazama hatima za watu hawa. Carlucci alirudi kwa watu waliomwamini, na mwaka 1987 akawa Waziri wa Ulinzi wa nchi yake. Othman Shariff alirudi kwa watu waliomshuku. Mwaka 1969 alikamatwa Tanzania Bara, sawa na Abdullah Kassim Hanga, wakapelekwa Zanzibar na kuuawa bila kesi ya wazi. Sisemi kuitwa kwake ndiko kulikomuua, kwani ugomvi wake na wakubwa wa Zanzibar ulikuwa wa zamani. Ninachosema ni kwamba tuhuma dhidi yake hazikupimwa mahali ambapo watu wangeweza kuona na kusikia.

Wala maradhi haya si ya Afrika peke yake. Marie Yovanovitch aliingia katika utumishi wa kidiplomasia wa Marekani mwaka 1986, akahudumu hata Mogadishu, mpaka akawa balozi nchini Ukraine. Mwaka 2019 mwendesha mashtaka mkuu wa Ukraine alidai kuwa balozi huyo alimpa orodha ya watu wasioshtakiwa. Wizara yake yenyewe ilisema huo ni uzushi, na mwendesha mashtaka baadaye akageuza maneno. Lakini Rudy Giuliani, wakili wa Rais Donald Trump, na wenzake waliendelea kumshambulia. Aprili mwaka huo alipigiwa simu usiku na kutakiwa apande ndege ya kwanza arudi. Aliieleza Bunge kwamba naibu waziri alimwambia hakufanya kosa lolote. Hilo aliambiwa faraghani. Michael McKinley, mshauri mwandamizi wa waziri, baadaye aliomba litolewe tamko fupi la kumtetea hadharani. Halikutolewa, naye akajiuzulu.

Sasa tuweke mizani yetu. Saad bin Abi Waqqas (r.a.), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, alikuwa liwali wa Kufa. Watu wa mji wakamshtaki kwa Umar (r.a.), wakafika hadi kusema hajui kuswali vizuri. Umar alimwondoa, akamweka Ammar. Kisha akamwita Saad, akamwuliza na kumsikiliza. Akatuma watu wafuatane naye hadi Kufa, wakauliza msikiti baada ya msikiti. Wote walimsifu, isipokuwa mtu mmoja katika msikiti wa Banu Abs. Na Umar alipokuwa amelala na jeraha la mauti, mwaka wa 23 Hijria, alimtaja Saad miongoni mwa sita wanaofaa ukhalifa, akabainisha kuwa hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana.

Ndugu mmoja aliniambia: "Lakini Umar alimwondoa kabla ya kuchunguza. Basi kiongozi yeyote anaweza kumwondoa balozi kwa lalamiko tu." Ni hoja nzito, na sehemu yake ya kwanza ni kweli. Cheo ni amana, si mali ya mwenye cheo, na balozi asiyeaminiwa na aliyemtuma hawezi kumsemea. Maslahi ya watu yanaweza kudai aondoke leo. Ila Umar hakuugeuza uamuzi wa kuondoa kuwa hukumu ya kosa. Aliyatenganisha mambo mawili ambayo watawala wengi huyachanganya: nafasi ya mtu na heshima yake. Nafasi ni ya aliyempa. Heshima amepewa na Mola wake, na katika Hija ya kuaga Mtume (s.a.w.) aliitaja pamoja na damu na mali kuwa ni haramu kuivunja.

Kwa hiyo naona kiongozi ana haki ya kuteua na haki ya kuondoa, lakini hana haki ya kunyamaza akauacha uongo ukae mahali pa sababu. Akifanya hivyo anamdhulumu mmoja na kuwafundisha wengine wote. Mabalozi waliobaki wataelewa kuwa usalama uko katika kuandika yanayopendeza. Nabii Sulayman (a.s.) alikuwa amekwisha kumtishia hudhudi adhabu kali kwa kutoonekana. Ndege alipokuja na habari za Sabaa ambazo mfalme hakuzijua, Sulayman hakumwadhibu wala hakumwamini papo hapo. Alisema ataangalia kama ni mkweli au mwongo, kisha akampa barua aipeleke. Mfalme anayemwadhibu hudhudi kabla ya kuchunguza atabaki na kasuku.

Wenzangu, wachache kati yetu watakuwa mabalozi, lakini wengi tutakuwa na mamlaka ya kumwondoa mtu: amiri wa jumuiya, mweka hazina, mwalimu wa madrasa. Tunapomwondoa mweka hazina katikati ya mwaka kwa sababu tu ana masomo mengi, na sisi tukanyamaza, wiki haiishi kabla watu hawajasema amekula michango. Tangazo la kumwondoa na tangazo la sababu yake yabandikwe ubaoni siku moja. Kama kuna kosa, lichunguzwe naye asikilizwe. Kama hakuna, tuseme hakuna, na tuseme kwa sauti ile ile tuliyotumia kumwondoa.

Wallahu a'lam.